Chuma Nacho Huchoka?

Juzi nimerudi kutoka sala ya alasiri nikamkuta mwanangu barazani, kungu zimemzunguka, anazipasua kwa chuma. Chuma chenyewe nilikitambua kabla sijavua viatu. Nilikuwa nimekiweka juu ya kabati, nyuma ya kandili mbovu, mahali ambapo nilidhani mtoto wa miaka tisa hafiki.

"Baba, mbona hichi huku ni laini na huku kama sukari guru?"

Swali hilo niliwahi kulijibu mwaka 2009, kwa Kijerumani kibovu.

Habari ya boti ya Baba wa hapa Lamu mnaijua, kila mtu na namna yake. Mwaka 2001 Ami alikuwa anaipeleka Faza, ina abiria na saruji, na walipotoka tu mkondo wa Mkanda, shafti inayozungusha pangaboi ikakatika. Upande wa pangaboi ukachomoka kwa nyuma, maji yakaingia kwa tundu lake, wakaliziba kwa leso ya mama mmoja na kulala mikokoni. Hakufa mtu, alhamdulillahi. Saruji ilikuwa mawe kufika asubuhi. Baba aliilipa kwa bangili za Mama, akasema Ami alizidisha mzigo, tena alipita Mkanda maji yanapwa, akasugua chini. Ami akaapa. Baba hakusikiza. Ami akahamia Malindi akashika kazi ya boti za watu, na ndugu wa tumbo moja wakawa hawaonani ila kwenye maziko.

Basi nilipopata nafasi ya kwenda Ujerumani kusoma shahada ya uzamili ya uhandisi mitambo, Baba aliniletea kipande cha shafti kilichobaki kwenye gia. Alikikata kikawa urefu wa shubiri, akakipaka grisi na kukifunga kwa kitambaa kilicholowa sifa, yale mafuta ya papa.

"Waulize hao," akasema. "Dizeli si mtu wa kwao?"

Kilikuwa karibu kilo mbili. Ili kiingie ilibidi nitoe achari ya Mama, na Mama hajanisamehe mpaka leo.

Aachen kulikuwa na mvua, chumba chenye dirisha moja, na mtihani wa thamodinamiki niliofeli mara ya kwanza. Hayo kila aliyesoma nje amekwisha kuwachosha nayo, sina la kuongeza. Niseme la maabara.

Muhula wa pili tulikuwa na somo la uchovu wa vyuma, na kila mwanafunzi aliambiwa alete kitu kilichovunjika. Wenzangu walileta pedali za baiskeli na springi za milango. Mimi nikafungua kitambaa changu, na harufu ya sifa ikajaa chumba kizima. Mmoja akaenda kufungua dirisha bila kusema neno. Mimi nilisimama nikiivuta ile harufu kama mtu aliyefikishwa gatini Matondoni kwa dakika mbili, kabla mwalimu hajaimaliza kwa asetoni na mswaki.

Mwalimu alikuwa mzee mwembamba mwenye koti la buluu. Alitusimulia kwamba mwaka 1842, karibu na Versailles, ekseli ya garimoshi ilikatika na watu wengi wakateketea, na wataalamu wa siku hizo walipoona pale ilipovunjika pana chembechembe wakasema chuma kimegeuka tabia kwa kutikiswa sana. Baadaye Mjerumani August Wöhler akakaa miaka akizungusha ekseli kwenye mashine, akaonyesha kwamba mzigo mdogo, usioweza kuvunja kitu siku moja, ukirudiwa mara mamilioni huvunja. Sisi hapa hilo twalijua kwa waya: ukunje, ukunjue, utakatika mkononi.

Kisha akaweka shafti ya Baba chini ya hadubini, akaniita.

Nilichoona kilikuwa pwani. Sina neno jingine. Mistari myembamba iliyopinda, mmoja nyuma ya mwingine, kama ile ambayo maji huiacha mchangani Shela siku za bamvua yanapotoka kidogo kidogo. Mwalimu akaniambia Waingereza nao huifananisha na ufuo. Wajerumani huiita Rastlinien, mistari ya mapumziko, kwa sababu ufa hutambaa mashine ikifanya kazi, na mashine ikizimwa au mzigo ukibadilika, ule mpaka wa ufa huacha alama. Nikaitazama nikawa nahesabu. Pale boti ilifungwa kwa Idi. Pale ilikuwa kusi, hakuna safari. Najua mambo hayasomeki hivyo, lakini nani angenizuia?

"Mwisho wake uko wapi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha ile sehemu ya sukari guru, pembeni, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba.

"Ni ndogo. Maana yake?"

Nikakaa kimya, ingawa nilikuwa nimelisoma jana yake. Maana yake ni kwamba shafti ilishikilia mpaka ikabakiwa na kijisehemu kile tu, na mzigo wa siku ile haukuwa mkubwa. Aliyeendesha hakuzidisha. Miaka minane Ami alikuwa anasema kweli.

"Sasa fuata mistari kinyume. Ilianzia wapi?"

Nikaifuata. Ilizidi kuwa midogo, ikajikusanya ukingoni, na pale ukingoni palikuwa na mfuo mmoja, umenyooka kama umepigiwa rula.

"Hii si kutu," akasema. "Huu ni msumeno. Mtu alikata hapa."

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Kaplingi, kile kiungo cha shafti na gia, ilikuwa imegandamana na shafti kwa kutu, na Baba akasema tungoje arudi kutoka msikitini, aje na mafuta, tuipashe moto taratibu. Sikungoja. Nikachukua msumeno wa chuma nikaipasua kaplingi, nikajiona fundi, na mkato wa mwisho ukapitiliza. Milimita moja, labda moja na nusu. Nilipitisha ukucha nikausikia. Nikausiliba kwa grisi, nikavisha kaplingi mpya juu yake. Baba aliporudi akanisifu kwa wepesi wa mikono.

"Unamjua fundi aliyefanya hivi?" mwalimu akauliza.

"Simjui," nikasema.

Ripoti niliyoandika juu ya kipande kile ilipata 1.3. Kwa Wajerumani 1 ndiyo juu kabisa na 5 ni kuanguka, na Mama nilipomtajia kwa simu aliniambia nisivunjike moyo, nitafanya vizuri muhula ujao.

Kisha akachukua simu Baba. "Wamesemaje?"

"Ni uchovu wa chuma, Baba. Mzigo ulikuwa wa kawaida. Ami hana kosa."

Nikasikia punda akilia huko Langoni, na mtu akimkemea.

"Chuma nacho huchoka?"

"Huchoka, Baba."

"Basi ni kazi ya Mungu," akasema, nami sikumjibu.

Kabla ya Ramadhani alipanda basi akaenda Malindi. Walisemezana nini sijui. Mama anasema alirudi na samaki wa Ami kwenye kikapu na hakuongea mpaka asubuhi. Baba ametutoka 2014, na Ami ndiye aliyemshusha kaburini. Ami yu hai, meno yamemwisha, na kila akija hapa nyumbani huwaambia wageni kwamba ni elimu yangu iliyomsafisha jina. Hulisema nimekaa papo hapo. Wiki ijayo anakuja kwa harusi.

Mwanangu alikuwa hajachoka. Alikigeuza kile chuma, akakilaza kiganjani, akapitisha ukucha pale ukingoni. Ukaingia.

"Na hapa je, Baba? Hapa pamekatwa. Nani alikata?"

"Lete kungu hizo," nikamwambia, "nikupasulie."

Akanipa kungu, chuma akabaki nacho.