Kigogota kwenye mgunga mkavu

Leo asubuhi, nikipita karibu na uzio wa Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru, nilisikia mgogoto wa haraka kutoka kwenye mgunga uliokauka upande mmoja.

Alikuwa kigogota wa kijivu, ndege wa sentimita 20 hivi, mwenye mgongo wa kijani iliyofifia na wekundu juu kidogo ya mkia. Utosi mwekundu ulinijulisha kwamba ni dume, kwani jike hana alama hiyo.

Nilichokitazama zaidi ni mkia wenyewe.

Manyoya yake ni magumu, naye huuegemeza kwenye gome kama mguu wa tatu, huku vidole viwili vya mbele na viwili vya nyuma vikilishika shina, hata akapanda wima bila kuteleza. Akishatoboa, huingiza ulimi mrefu na kuwachokoa wadudu na mabuu.

Hukaa penye miti iliyotawanyika, hata bustanini, na huchonga kiota katika mti uliokufa. Ndiyo maana hunikera tunapoangusha kila mti mkavu, ingawa kuni nazo zinahitajika.

Ndugu zangu wa Kisumu na Kakamega, kwenu mnamwona kwenye miti gani?