Mikwaruzo ya msasa kwenye rangi mpya: nilivyoiokoa Premio nyeusi

Gari jeusi halifichi kitu. Premio yangu ilipotoka kupigwa rangi upya kwenye gereji moja upande wa Changamwe, hapa Mombasa, kivulini ilimeremeta vizuri tu. Nilipoitoa juani, boneti na milango miwili ya kulia ilikuwa imejaa michirizi myeupe, mingine imenyooka, mingine inazunguka. Maelezo niliyopewa ni kwamba vumbi lilinasa kwenye klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi linaloipa gari mng'ao, kabla haijakauka. Kwa malori yanayopita pale kwenda bandarini, hilo naliamini. Basi kijana akapewa msasa alitoe, akasugua pakavu kwa ncha za vidole, bila kibao chini ya msasa, kisha ikapakwa polishi ya kuficha. Mvua ya kwanza iliondoka nayo.

Kuwarudishia sikutaka. Nilimpigia ami yangu, aliyepuliza rangi za magari pale Tononoka mpaka kifua kikamkataza.

"Mashine ya kung'arisha usiiguse kwanza, mwanangu," akaniambia. "Mwagia maji, halafu nambie waona nini."

Mkwaruzo ulioishia kwenye klia hujaa maji ukapotea, na hurudi pakikauka. Usiopotea, au unaonasa ukucha ukiupitisha, umekwenda ndani zaidi. Milangoni karibu yote ilipotea. Kwenye boneti pia mingi ilipotea, isipokuwa pembeni kabisa, juu ya taa, palipokuwa na doa la ukubwa wa ukucha wa gumba. Limefifia, na maji hayalibadilishi. Pale klia ilikuwa imekwisha na msasa umefika kwenye rangi yenyewe.

Klia ya gari kwa kawaida ina unene wa mikroni 40 hadi 60 hivi, pungufu ya unywele. Kwenye ukingo huwa nyembamba zaidi, kwa sababu ikiwa bado majimaji hujivuta ikaukimbia ukingo. Na kuondoa mkwaruzo maana yake ni kuishusha klia ya pale pote mpaka ilingane na chini ya mkwaruzo. Kilichotoka hakirudi. Kwa hivyo kabla ya lolote nilibandika tepu ya karatasi kwenye kingo zote na mikunjo yote ya milango.

Kazi ya milango niliifanya uani kwetu Kisauni, chini ya mwembe, mapema jua halijapanda. Bati likishika moto, maji na kampaundi, ile dawa nzito ya kung'arishia, hukauka kabla hujamaliza kusugua. Maji ya kisima chetu yana chumvi na huacha madoa, nikatumia ya mtungi, na tone la sabuni ya vyombo ili msasa uteleze. Ndoo zilikuwa mbili: moja ya kuchovya, moja ya kusuuzia msasa, maana chembe moja ya mchanga ikinasa pale utachora mikwaruzo mipya ukidhani unaondoa ya zamani.

Nilianza na msasa wa maji namba 2000 (namba ikipanda, msasa huwa laini zaidi), nimeuzungushia kibao cha mpira, nikisugua upande mmoja tu, mbele na nyuma. Palipokataa nilishuka hadi 1500, kidogo sana, kisha nikarudi 2000. Halafu 3000, safari hii nikikata njia panda na ule wa kwanza. Ukibadilisha mwelekeo unaiona michirizi ya msasa uliotangulia ikiisha, huhitaji kubahatisha. Jicho langu lilikuwa kwenye maji yanayotiririka. Yakiwa meupe kama maziwa, ni klia inayotoka. Yakianza kuwa meusi, umefika kwenye rangi, weka msasa chini.

Ukimaliza 3000 mlango unabaki umefubaa sawasawa, na mtu asiyejua anaweza kulia. Mashine ya kubafu, yaani ya kung'arisha, niliazima. Nilitumia sponji na kampaundi, kwa mwendo mdogo, bila kuikalisha mahali pamoja, huku mara kwa mara nikigusa bati kwa kiganja kupima joto. Kisha nikafuta kwa spiriti. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayosema ukweli, kwa sababu mafuta ya kampaundi hujaza mikwaruzo ikaonekana imekwisha. Baada ya spiriti nikamulika kwa tochi ya simu, kwa pembeni.

Boneti ilikuwa habari nyingine. Doa lile hakuna kampaundi wala mashine ya kulitoa, kwa kuwa hakuna klia ya kung'arisha. Ami alisimamia, kijana wake mmoja akapuliza. Boneti yote ilisuguliwa kwa 1000 mpaka ikafa mng'ao, doa likapulizwa rangi nyembamba, kisha klia tabaka mbili, ukingo hadi ukingo, ili pasiwe na mstari wa kuunganishia. Hadna, dawa inayotiwa kwenye klia ili igande, ilichanganywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, si kwa macho. Walisubiri siku isiyo na mawingu, na sakafu ikanyunyizwa maji vumbi litulie. Hadna hizi zina isosaianeti, kemikali inayodhuru mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Kijana alivaa ile ya vichujio vya kaboni, na ami, kwa kifua chake, alikaa nje akitoa amri kupitia dirishani.

Waksi sijapaka. Klia mpya huendelea kutoa thina kwa wiki kadhaa, na ami anataka iachwe mwezi mzima au zaidi. Chini ya kitasa cha mlango wa dereva bado upo mkwaruzo mmoja unaonasa ukucha. Nilitaka kuurudia na 1500, ami akaupapasa, akasema klia iliyobaki pale haitoshi, niuache.