Beringi ya Pampu Namba Mbili

Mwezi Agosti 2022, Tanzania nzima ilipokuwa ikijiandaa kuhesabiwa, nilifunga vifaa vidogo vya kupimia mtetemo kwenye pampu tatu za kituo cha maji nilikokuwa fundi. Tulizoea kuviita sensa, na mlinzi wa getini, ambaye neno hilo alilisikia redioni kutwa, aliniuliza kwa dhati kabisa kama pampu nazo zingeulizwa zina watoto wangapi. Tangu siku hiyo nikaviita vihisi.

Fundi mkuu hakuwa na haja navyo. Kwa miaka mingi alikuwa akisimamisha ncha ya bisibisi ndefu juu ya beringi, akiegemeza mpini nyuma ya sikio na kufumba macho, na mara nyingi alichokisikia kilikuwa kweli. Nilipomweleza kwamba mtetemo wa mota ya pampu namba mbili ulikuwa umepanda kwa siku tisa kutoka milimita 1.8 hadi 3.1 kwa sekunde, ingawa haujafikia 4.5 tuliyoiwekea king'ora, alisikiliza, akaigusa kwa kiganja, akasema, "Kijana, hii ina kiu tu. Ipe grisi."

Niliipa. Kesho yake kipimo kilishuka hadi 2.2, na sijasahau jinsi alivyonitazama wakati wa chai. Sikujua wakati huo kwamba grisi mpya huweza kunyamazisha beringi mbovu kwa siku chache bila kuiponya. Siku ya tatu namba ilianza kupanda tena, ndipo nikaachana nayo na kufungua grafu ya masafa, inayoonyesha kila mtetemo unajirudia mara ngapi kwa sekunde. Mota ilizunguka mara 1,485 kwa dakika, yaani karibu mara 25 kwa sekunde, lakini mwiba uliochomoza ulikuwa kwenye 76, ambayo ni mara tatu na kidogo. Kaplingi, yaani kiungo cha mota na pampu, ikikaa upande ingeleta miiba kwenye mara moja, mbili au tatu kamili. Hiyo "na kidogo" ilitoka kwenye gololi zilizokuwa zikipita, moja baada ya nyingine, juu ya jeraha la ringi ya nje ya beringi.

Kwa kuwa tarehe 23, siku ya kuhesabiwa, ilikuwa ya mapumziko na kila mtu angekuwa nyumbani akihitaji maji, tuliizima pampu usiku wa tarehe 21. Mzee alipinga, kisha akaja mwenyewe na pula ya kuchomolea. Tuliikata ringi kwa grenda, tukaiosha kwa mafuta ya taa, na chini ya tochi kikaonekana kishimo kisichozidi punje ya ulezi. Alikikwaruza kwa ukucha mara kadhaa bila kusema neno. Halafu akachukua bisibisi yake, akaenda kuinamia pampu namba tatu iliyokuwa ikinguruma.

"Usinionyeshe kwanza," alisema akiwa amefumba macho. "Ngoja niseme mimi, ndipo ufungue hiyo grafu yako."