Kimeng'enya kilichokataa kunata

Nimefundisha biokemia katika kitivo cha tiba kwa miaka 11, na katika muda huo nimewaeleza wanafunzi mara nyingi kwamba pH (kipimo cha uasidi) ya bafa ya Tris, myeyusho wa maabara unaotumika kuzuia pH isiyumbe, hupanda bafa hiyo inapopoa. Nimelitungia swali la mtihani na nimewanyima alama walioshindwa kulijibu. Kwa hiyo miezi mitano niliyoipoteza kwa sababu ya jambo lile lile naisimulia kwa aibu, na pia kwa hasira kidogo, maana kila niliyemwendea kutaka ushauri alinielekeza kusikohusika.

Nilitaka kusafisha lakteti dihaidrojinesi ya misuli, kimeng'enya kinachobadili piruveti kuwa lakteti, ili nipate cha kutosha kwa utafiti wangu na kwa mazoezi ya wanafunzi. Aina ya misuli ina sifa nzuri: chaji yake husawazika kwenye pH iliyo juu kidogo ya 8, hivyo katika pH 7.5 huwa na chaji chanya na hunata kwenye safu, yaani bomba lililojazwa selulosi yenye chaji hasi, huku protini nyingine nyingi zikipita bila kushikwa. Baadaye huondolewa safuni kwa kuongeza chumvi polepole. Hayo yote niliyafanya kama vitabu vinavyoelekeza, ndani ya chumba cha baridi cha nyuzi 4, na kimeng'enya kikapita safuni kama mgeni asiyeona sababu ya kukaa.

Fundi sanifu wetu, mtu mwenye uzoefu kuliko sisi wote, aliniambia, “Mwalimu, baridi imekiua.” Nilimwamini kwa wiki mbili, hadi nilipochukua kile kilichopita safuni nikakipima kwenye spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga unaofyonzwa, kwa kutazama NADH, molekuli ambayo kimeng'enya hiki huitumia kikiwa kazini, ikipungua katika nanomita 340. Utendaji ulikuwapo karibu wote. Kimeng'enya kilikuwa hai na timamu, ila hakikutaka kushikwa. Kipimo hicho huchukua dakika chache, na nashangaa kwamba sikukifanya siku ya kwanza. Yeyote anayelalamika kwamba kimeng'enya chake kimekufa namwomba kwanza apime kilichopita kabla ya kukizika.

Mkuu wa idara akasema selulosi imezeeka. Nilinunua nyingine, na sehemu kubwa ya fedha za utafiti wa mwaka ule ikaenda huko, nikapata matokeo yale yale kwa kifaa kipya. Mwenzangu wa chumba cha jirani akanishauri nipunguze chumvi kwenye sampuli. Ushauri huo ni wa busara, lakini mimi nilikuwa nimeshaisafisha kwa kifuko cha utando usiku mzima, na kuirudia mara ya pili kuliniongezea usingizi tu.

Muhula huo nilikuwa na mihadhara mitatu kwa wiki, kamati ya mitaala isiyoisha, na marundo ya karatasi za kusahihisha. Safu ilibidi iende yenyewe usiku. Mara ya kwanza niliiacha hivyo nikaikuta asubuhi imekauka na kupasuka, bafa ikiwa imekwisha saa nyingi kabla. Ndipo fundi yule yule akanionyesha hila ninayompenda kwayo mpaka leo: mrija unaoingiza bafa uachwe uning'inie chini ya usawa wa tundu la kutokea, kisha upande tena hadi juu ya safu. Chupa ikiisha, bafa iliyobaki mrijani hushuka mpaka usawa wa tundu hilo, msukumo unakoma, na safu inabaki na unyevu wake ikinisubiri. Tangu siku hiyo nimefundisha nikiwa na utulivu.

Ufumbuzi ulinijia mbele ya darasa, jambo ambalo lisingekuwa baya kama darasa lisingeliona. Nilikuwa nikiandika ubaoni kwamba Tris hubadilika kwa takribani 0.03 ya pH kwa kila nyuzi moja, nikasita huku chaki imegota ubaoni. Nyuzi 25 za meza yangu, nyuzi 4 za chumba cha baridi, tofauti 21; bafa niliyoiweka 7.5 mezani ilikuwa ikifanya kazi karibu na 8.1. Kwenye pH hiyo kimeng'enya changu kinakaribia kupoteza chaji yake, na safu haina cha kukishikia. Mwanafunzi mmoja akauliza kama nimesahau. Nikamjibu kwamba nimekumbuka.

Baada ya kipindi nilibeba kipima pH hadi chumba cha baridi, nikakisanifisha humo humo kwa myeyusho wa kusanifishia uliokuwa umelala baridini, kwani kukisanifisha nje na kupimia ndani ni kujidanganya upya. Kilisoma 8.1. Ningeweza kurekebisha Tris baridini hadi 7.5, lakini katika nyuzi 4 pKa yake, yaani pH ambayo bafa hufanya kazi vizuri zaidi karibu nayo, iko karibu na 8.7, na kuitumia mbali kiasi hicho ni kuitaka ifanye kazi isiyoiweza. Nikahamia bafa ya fosfeti, ambayo haiyumbishwi sana na joto, na jioni ile ile kimeng'enya kikanata safuni, kikatoka na chumvi mahali nilipokitarajia.

Selulosi ya zamani ndiyo niliyoitumia. Ile mpya bado iko kabatini, na kila mwaka wakati wa kuhesabu vifaa mkuu wa idara huniuliza kwa nini haijafunguliwa tena.