Fidia ya Jeraha la Kazini Huanzia Kwenye Taarifa

Husikitika sana ninapomwona mfanyakazi aliyeumia kazini akisita kudai fidia kwa kudhani kwamba, kwa kuwa alighafilika kidogo, amepoteza haki yake. Mfumo huu, ambao Ujerumani iliutungia sheria mwaka 1884, kwa kawaida hautafuti mwenye kosa. Unachouliza ni kama jeraha limetokana na kazi. Mkataba namba 121 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1964, unataja matibabu, malipo ya kipindi ambacho majeruhi hawezi kufanya kazi, na mafao ya wategemezi wa aliyefariki.

Madai mengi, kwa maoni yangu, hukwama kwenye karatasi. Taarifa isemayo tu "aliumia mkono" haitoshi. Iandikwe kwamba kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilibanwa na mashine, saa ngapi, na nani alishuhudia. Daktari naye aelezwe wazi kwamba ajali ilitokea kazini, ili cheti chake kilingane na taarifa ya mwajiri. Nakala za nyaraka zote zibaki mikononi mwa majeruhi, hata kama msimamizi ameahidi kushughulikia kila kitu, kwa sababu muda wa kuwasilisha madai una ukomo.