Swali la daktari

Bi Mkubwa, mkwe wangu, aliliangusha sinia la bati makusudi, nyuma ya mgongo wa mwanangu. Kuku wakatawanyika uani. Mtoto akaendelea kuchezea karafuu juu ya jamvi, hata shingo hakugeuza. Kisha akaokota sinia, akanambia: "Mwanangu, mpeleke Unguja."

Tulikwenda sote watatu. Daktari alimtia kijiplagi laini sikioni, na mashine ikawa inalisikiliza sikio lenyewe. Sikio zima likipigiwa mlio hujibu kwa mlio wake mdogo mno. Aliyeligundua jambo hilo ni Mwingereza David Kemp, mwaka 1978. Kwa mwanangu hakikurudi kitu.

Ndipo akatuchorea. Sikio la ndani limejikunja kama konokono, na humo mna seli zipatazo 15,000, kila moja na vinywele vyake vilivyopangwa ngazi, vifupi mbele ya virefu. Ncha zake zimeunganishwa kwa nyuzi. Sauti ikivipindisha vinywele, nyuzi huvuta vilango vidogo vikafunguka, chaji ya umeme ikaingia, na habari ikafika kwenye neva. Vyote hivyo hujengwa tumboni: kwanza seli, kisha vinywele, kisha vilango. Ikikaribia wiki ya 25 hivi, mtoto huanza kushtuka kwa sauti.

"Ulipokuwa na mimba yake, akishtuka?"

Nilijibu pale pale. Usiku wa Idi, Wete, ngoma ya msewe ilipokolea, alinipiga teke hadi nikashika ukuta.

Daktari akaweka kalamu chini. Ngoma hutikisa mwili pia, alisema, kwa hivyo si ushahidi kamili; lakini huenda vilango vilikuwa vikifanya kazi. Akauliza kuhusu sindano. Nikamweleza homa ya uchangani, na gentamaisini. Dawa hiyo huokoa vichanga wengi, na naamini ilimwokoa wangu. Ila hupenya ndani ya seli kwa vilango vile vile, na yaweza kuziua. Hakusema kwa yakini kuwa ndiyo sababu.

"Hazioti tena?" Bi Mkubwa aliuliza.

"Kwa binadamu hazioti, bibi. Kwa kuku, zinaota."

Alimtaka alirudie hilo.

Kijijini nilikuwa nimeambiwa mengi: pepo, husuda, chakula nilichokula na mimba. Kwa daktari yule nilipata jambo ambalo hakuna aliyewahi kunipa, kwamba pengine mwanangu amewahi kunisikia nikimwimbia. Mwezi ule ule tukaanza kujifunza lugha ya alama, na Bi Mkubwa ndiye aliyetutangulia sote.