Ua la Usambara limechanua Mikindani

Mche wangu wa kwanza wa ua la Usambara niliununua Dar es Salaam, nikaupakata kwenye basi hadi Mikindani, na haukumaliza mwezi. Niliuweka dirishani kwenye jua, nikaumwagia maji ya kisima kwa juu kama ninavyomwagilia mchicha. Majani yakapata mabaka ya kahawia, kisha moyo wa mche ukaoza. Niliumia sana. Hili ni ua la kwetu: Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa Kijerumani aliyetawala Usambara, alipeleka mbegu zake Ujerumani mwaka 1892, na leo linastawi madirishani Ulaya nzima. Iweje mimi Mtanzania linifie?

Nikampigia shangazi yangu anayeishi Amani, Muheza.

"Umeliweka wapi?" Nikamweleza. "Mwanangu, hilo si la jua. Huku linashika mwambani, kwenye ufa wenye udongo kiduchu, chini ya miti mikubwa."

Akanitumia majani matatu kutoka chungu chake cha nyumbani. La msituni halichumwi, maana misitu hiyo inapungua na baadhi ya aina za mmea huu zimebaki sehemu chache mno. Yalifika yamefungwa kitambaa kibichi ndani ya kopo. Moja lilikuwa limeoza.

Hayo mawili niliyakagua kabla ya kuyapanda. Jani lake ni nene, lina vinyweleo vingi, na tone la maji likitua juu yake halitiririki, linang'ang'ania hapo hapo. Shina nalo ni fupi mno, hivyo majani hujipanga duara na kuacha kishimo katikati. Nilikuwa nikijaza maji kishimo hicho kila asubuhi!

Nilikata vikonyo kimshazari kwa wembe, nikaacha urefu wa upana wa vidole viwili, nikavichomeka kwenye vikombe vya mtindi nilivyotoboa chini. Mizizi yake ni myembamba na haiendi mbali, kwa hiyo udongo wetu mzito sikuutumia. Nilichanganya mchanga wa mtoni na vumbi la makumbi ya nazi, nililoliosha mara tatu kuondoa chumvi. Vikombe nikaviweka ukumbini, kando ya mtungi wa maji, mahali penye ubaridi kuliko pote nyumbani. Maji yalikuwa ya mvua tu, kwenye kisahani. Baada ya nusu saa namwaga yaliyobaki.

Wiki ya saba vikachomoza vijani viwili kama masikio ya panya, pembeni mwa kikonyo. Mwezi wa tisa tangu nipande likaja ua: zambarau, lenye vifuko viwili vya chavua vya manjano katikati, na kijiti chembamba kilichopinda kushoto. La pili, kwenye mche huo huo, kijiti kimepinda kulia.

Shangazi nilimwonyesha kwa simu ya video. Akaniambia nisogeze simu karibu, halafu akanyamaza anatazama.